Mzee Pimamaji na Wachimba Mchanga

Mzee Pimamaji hakuwahi kuingia nyumba ya mtu asiitoe kasoro. Alikuwa fundi plasta mpaka magoti yalipogoma, na jina hilo alibandikwa na mafundi wenzake, maana kipimo chake cha kusawazishia aliandamana nacho kila mahali, hata msibani. Kuna mazishi ambako aliwahi kunong'ona kwamba kaburi limepinda. Watu kwake walikuwa wa aina mbili, wapuuzi na wapuuzi zaidi.

"Samaki mkunje angali mbichi," ndiyo methali aliyomlelea binti yake wa pekee. Akamkunja kweli: mwandiko, mwendo, marafiki, mpaka kicheko. Mama mtu alipofariki, binti alifunga mizigo akahama.

Sasa alikuwa na mimba ya kwanza. Siku moja akaja na tangi la kioo lenye samaki wawili, dume na jike, akaliweka sebuleni.

"Baba, kaa nao mpaka nirudi. Wape chakula, basi. Hawa usiwakunje. Ukiweza, nitakuja kujifungulia hapa, nikae na mtoto kwenye chumba changu. Ukishindwa, tutasalimiana kwa simu."

"Yaani mimi napewa mtihani na kitoweo?" mzee akasema.

Lakini bintiye alipoondoka alikwenda kufungua madirisha ya kile chumba, akafagia hadi uvunguni. Alimtaka mjukuu huyo, alimtaka mno, ila angekufa kwanza kabla ya kulisema.

Samaki wenyewe walikuwa mafedhuli. Wanabugia mchanga, wanautema pembeni, wanang'oa majani yaliyopandwa vizuri, mpaka sakafu ya tangi ikawa mashimo matupu. Fundi aliyesawazisha kumbi nzima akae sebuleni kwake atazame uchafu huo! Akachukua kijiko, akaupiga mchanga ukalala sawa. Dume akapauka palepale, mistari ikamtoka ubavuni, akajibanza nyuma ya jiwe.

"Mwoga mkubwa," mzee akacheka kwa pua. "Rangi yenyewe huna msimamo nayo."

Asubuhi mashimo yalikuwa yamerudi. Akasawazisha. Yakarudi tena. Wiki ikaenda hivyo, mzee na kijiko, samaki na midomo, na hakuna aliyemheshimu mwenzake. Kisha dume akabadilika, akawa mweusi tii, na jike akaiva tumbo rangi ya chungwa. Wakachimba kwa hasira zaidi.

"Hao wanatafuta watoto," jirani muuza duka akamwambia.

"Wewe kauze sukari," mzee akamjibu.

Siku aliyotarajiwa binti, mzee aliamka akakuta shimo limefika hadi kwenye kioo. Akaona sasa imetosha. Akachanganya saruji kwenye karai, safi, laini, ya kumaliza ubishi: samaki atawatia ndooni, maji atayatoa, kisha atapiga sakafu ambayo hakuna mdomo utakaoitoboa. Akaingiza mwiko majini ili aukwangue mchanga kwanza.

Dume hakupauka. Alitoka mbio na weusi wake, akaupiga mwiko kwa kichwa, akarudi, akaupiga tena. Kinyama cha urefu wa kidole! Mzee akainama amtukane kwa karibu. Ndani ya shimo, chini ya tumbo la jike, vitoto vyembamba kama uzi vilikuwa vikitikisa mikia kwa pamoja.

Akautoa mwiko. Akavuta kigoda, akakaa, akatazama, akiwatukana polepole.

Binti alipoingia na tumbo lake, kitu cha kwanza kuona kilikuwa karai, na mwiko mkononi mwa baba. Uso ukamsawijika. Akainama kwa shida, akaigonga ile saruji kwa kidole. Ilikuwa imeshakuwa jiwe.

"Baba, umeiacha imeganda."

"Nimeiona. Mimi si kipofu."

Binti akainuka, akalitazama tangi na mashimo yake. Alikulia kwenye nyumba ambayo saruji haikusubirishwa na mtu yeyote. Hata siku aliyozaliwa yeye, mama alimsimulia, baba alimaliza kwanza karai lililokwisha kuchanganywa, ndipo akaja hospitali.

Binti akavua viatu, akauburuta mkoba wake mpaka chumbani.

"Lakini huyo mpuuzi wako," mzee akapaza sauti nyuma yake, "shimo alilochimba limepinda!"

"Mwache, Baba."

"Kwani si nimemwacha?"