Simu Niliyoikata Siku Kumi na Nane

Admin, nifiche jina, maana watu wa kwetu wote wako humu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, Mkongo wa Uvira, kambi ya wakimbizi nimekaa Tanzania, sasa niko Houston, hapa Sharpstown. Nina mume mmoja tu tangu ujana wangu, na watoto watatu. Mdomo wangu mkali, kila mtu anajua. Ila hili nimelinyamazia zaidi ya miaka ishirini.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tulikuwa Dallas, Vickery Meadow, hata mwaka hatujamaliza Amerika. Mume wangu, nimwite Baba Neema, alikuwa anafanya kazi warehouse, ghala la mizigo. Asubuhi moja tuligombana kwa sababu ndogo kabisa, mimi nikamwambia, "Nenda, na usirudi!" Basi jioni hakurudi. Kesho yake hakurudi. Kupigia polisi niliogopa, sisi polisi tunawajua tangu kwetu. Nikampigia kaka yake huku Houston, akasema hajamuona. Nikamwambia mwongo mkubwa, unamficha na mwanamke wake. Kanisani nikawaambia wamama kwamba nimeachwa, wakanililia, na mimi nikalia kweli.

Sasa sikilizeni. Siku zilezile simu ya nyumbani ikaanza kulia. Nikiinua, ni mashine inaongea Kiingereza. Jirani yangu, mama aliyetutangulia Amerika, alikuwa ametufundisha wote tuliofika wapya: ukisikia mashine, kata, hao ni wezi, ukijibu hata "yes" umekwisha. Kwa hiyo nilikata. Asubuhi nakata, jioni nakata. Siku nyingine niliitukana kwanza ndipo nikakata. Nikirudi kukaa, nyumba kimya, watoto wamelala, nasema moyoni, huyu mwanaume hata kunipigia jamani ameshindwa?

Siku ya kumi na nane nilikuwa nakanda mandazi ya kanisa. Simu ikalia, nikaishika kwa vidole viwili nikaibana kati ya sikio na bega. Mashine ikaanza maneno yake. Nikasema ngoja nifute mikono kwanza ndiyo nimkate huyu. Mashine ikanyamaza kidogo, na kwenye kale kanafasi nikasikia sauti ya mume wangu, mbio mbio: "Mama Neema, usikate!" Kisha mashine ikarudi ikasema nibonyeze namba, sikujua namba gani, nikabonyeza zote na unga wangu, ikakatika.

Ee Mungu wangu. Niliketi chini na ile simu mapajani nikaita jina lake kama mtu aliyefiwa.

Pasta ndiye aliyenieleza kwamba simu za jela huja hivyo, zinapita kwenye mashine, na mfungwa anapewa hiyo nafasi ndogo ataje jina lake. Yeye jina hakutaja. Kila siku alitumia nafasi yake kuniomba nisikate, na mimi nilikuwa nimeshakata kabla hajaifikia. Walimkamata njiani kwenda kazini, kwa ajili ya makaratasi ya trafiki ambayo hakuyaelewa, na kortini hakwenda.

Tulipanda treni mpaka jela ya kaunti, mimi na pasta. Kumpata ilikuwa kazi. Walimwandika kwa jina la baba yake, na tarehe ya kuzaliwa ni ile ya moja mwezi wa kwanza, ambayo sisi wa kambini tumezaliwa karibu wote kwenye makaratasi. Mama wa dirishani alipekua mpaka akachoka na sisi. Mwishowe nikamuona nyuma ya kioo, amekonda, ndevu zimeota ovyo. Hakunisalimia. Aliinua simu ya pale akaniuliza swali moja: "Ulikuwa unakata wewe?"

Nilifungua mdomo kusema ukweli. Naapa. Lakini akaendelea: "Humu ndani watu wawili wamekatiwa na wake zao. Kama ni wewe ulikata, nikitoka nitapita mlango wako kama simjui mwenye nyumba."

Nikasema, "Simu iliharibika, Baba Neema. Jana ndiyo imetengenezwa."

Akaweka kiganja kwenye kioo akalia. "Nilijua," akasema. "Mama Neema hawezi kunikatia."

Alitoka baada ya wiki tatu, tukahamia Houston kwa kaka yake, ambaye nilimpigia magoti kwa yale matusi. Na tangu hapo, wapendwa, hiyo habari imekuwa wimbo wa mume wangu. Harusi za watu, semina za wanandoa, wageni wakija kula: "Simu ilikufa, lakini mke wangu alinitafuta kwa miguu yake!" Watu wananipigia makofi. Mimi natabasamu, halafu naingia jikoni kuosha vyombo ambavyo ni visafi. Mtu anaweza kulala na mume kitanda kimoja miaka yote hii na akawa peke yake, msiniulize vipi.

Jumamosi ijayo Neema anaolewa. Amemwambia baba yake, "Dad, tell them the phone story." Na mzee amefurahi, jana alikuwa anajizoeza jikoni, mwiko ndiyo maiki yake. Alipofika kwenye "Mama Neema, usikate," akasimama, akanigeukia. "Hapa wewe utainuka," akasema, "wamuone mwanamke ambaye hakunikatia."

Nilimwambia sawa.

Nimwambie kabla ya Jumamosi nimvunjie furaha yake, au niinuke mbele ya mwanangu na watu wote wanipigie makofi tena? Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Nishaurini tu, leo yuko kazini mpaka saa kumi na moja.