Boga Lililochumwa Majani

Mke wangu anapochambua majani ya maboga, akivuta zile nyuzi za vikonyo, harufu yake mbichi hunirudisha kwetu Ruziba, kando ya ziwa, wakati wa vita, na hasira yangu ya utotoni huamka nayo. Mimi darasa la nne sikulimaliza. Leo nina malori matatu na nyumba ya ghorofa, kwa hiyo nitasema ninavyotaka.

Jirani yetu alikuwa mwalimu, mtu wa shati jeupe na Kifaransa kingi. Vita ilimfungia shule, mdomo haikumfunga. Nilipopanda mbegu kwenye shimo la samadi nyuma ya jiko, alinitangazia bombani, mbele ya watu, kwamba kwa joto hili na unyevu huu wa ziwa boga kubwa huoza kabla ya kukomaa.

“We mutoto,” alisema, “ikishinda beseni yetu ya kufulia, mi nitaibeba kwa kichwa mpaka barabarani.”

Watu wakacheka. Tangu siku ile sikutaka kingine duniani ila kumwona yule bwana na boga kichwani.

Boga la kwanza lilipotunga, nililiwekea kitanda cha matete lisilale matopeni, nikalifunika kwa majani ya mgomba jua lisilichome. Aliyeniudhi zaidi ni mama. Kila jioni wanawake walikuja kuomba majani ya mchuzi, wengine wamekimbia milima yao na watoto mgongoni, naye alichuma akagawa. Hata mke wa mwalimu alipewa. Vitunda vingine vyote alivikata vikiwa vichanga, akawapa pia. Niliwadharau wale watu, na mimi sijui kudharau nusunusu: niliwaona mbuzi wanaonilia boga likiwa hai.

Nilimwambia mama anamsaidia mwalimu kushinda. Hakuinua hata uso.

“Apana. Boga yako iko sawa. We leta maji.”

Boga likavimba mpaka wakahitajika wanaume wawili kulinyanyua, na beseni halikulitosha. Mwalimu alilizunguka, akasema ni mbegu tu, mtoto hakufanya kitu, akaenda zake mikono mitupu. Jioni mama akanituma nimpelekee kipande. Nilikitua mlangoni bila kubisha.

Miaka mingi nilijisifu mbele ya watu wa diploma kwamba nililikuza peke yangu. Halafu nikanunua shamba Kibenga, nikapanda maboga, nikakataza mtu kugusa hata jani. Mashina yalikimbia hadi barabarani, maboga yakawa kama ngumi. Mama mmoja niliyemwajiri kupalilia alicheka mpaka akashika kiuno.

“Patron, ncha za pembeni hamukuchuma? Nguvu yote imeishia kwa majani. Mama yako hakukuonesha?”

Alinionesha kila jioni. Shina kubwa hakuligusa kamwe. Alichuma ncha za pembeni, na kila sufuria ya wale niliowaita mbuzi ilikuwa inalinenepesha boga langu. Hayupo tena nimwambie.

Mwalimu namdharau mpaka leo, hilo sibadilishi. Ila moja alilisema kweli, tena bila kujua: boga lile halikuwa kazi yangu.