Spana Iliyopindwa kwa Sonara

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya serikali pale Moroni, mji mkuu wa visiwa vyetu, sikupewa chombo chochote. Mkuu wa Karakana, mzee aliyejifunza ufundi Zanzibar na aliyetufundisha kwa Kiswahili cha huko, aliniambia nifumbe macho, akanisukumiza mkono ndani ya injini ya dizeli iliyopoa.

"Unagusa nini?"

"Nati, mzee."

"Na spana itazungukia wapi?"

Nikapapasa, vidole vikagonga chuma kila upande.

"Basi usifungue sanduku. Mkono kwanza, sanduku baadaye."

Nilimwona mzee mwenye visa. Nyinyi vijana mnaoshika spana kabla ya kufungua boneti mngemkimbia.

Uhuru ulipokuja, Wafaransa waliondoka na vyombo vingi. Ikaja serikali ya mapinduzi, watumishi wengi wakaachishwa kazi, nami nikapelekwa Mutsamudu, kisiwa kingine, ambako karakana nzima ilikuwa mimi na sanduku moja. Mkubwa wangu mpya alikuwa Mwenyekiti wa Kamati ya mapinduzi pale mjini, kijana aliyetoka shuleni juzi, mkali lakini mwenye moyo wa kazi.

Asubuhi moja gari la wagonjwa liligoma kuwaka. Dizeli za zamani zina plagi za moto, vijiti vinavyopasha injini kabla haijawaka. Katika gari lile zilifuatana kwenye waya mmoja. Ikifa moja, zote kimya. Iliyokufa ilikuwa ya nyuma kabisa, chini ya pampu ya dizeli. Tulisukuma gari mpaka tukachoka, likakohoa tu.

Mkunga akaja mbio. "Fundi, kuna mzazi kule mlimani, mtoto amekaa vibaya! Nitamfuata kwa miguu?"

Njia ya kawaida ni kutoa pampu. Lakini pampu hurudishwa kwa kipimo maalumu ili dizeli iingie kwa wakati wake, na kipimo hicho kilishaondoka na Wafaransa. Soketi, spana ya kuvika juu ya nati, iligonga pampu kabla ya kufika. Ilibaki spana moja ya saizi ya plagi ile, nayo imenyooka.

Nikafumba macho, nikaingiza mkono. Kisha nikapinda kipande cha waya wa simu kifuate njia ya vidole vyangu, nikamwonyesha Mwenyekiti. "Spana ikae hivi."

"Uipinde? Ikivunjika je?"

"Hatuna nyingine."

Akatazama barabara ya mlimani. "Twende. Tutajibu wote wawili."

Nilimpeleka kwa sonara wa mji mkongwe. Serikali ilikuwa imepiga marufuku harusi kubwa za mila, ambamo bibi harusi huvishwa dhahabu mji mzima ukishuhudia, na sonara alikuwa amekaa kibarazani bila kazi. Alimtazama Mwenyekiti kwa jicho baya, halafu akauona waya, nami nikamweleza habari ya gari la wagonjwa.

"Nani huyo anayeumwa?" akauliza.

"Mzazi, mzee wangu," Mwenyekiti akajibu.

"Ewa. Basi vukuta, mwanangu."

Mwenyekiti akapiga goti, akavukuta moto. Sonara akafunga kichwa cha spana kwa kitambaa kibichi, chuma kisipoteze ugumu, akapasha shingo peke yake. Akaipinda polepole, akiilinganisha na waya kama anayepima mkono wa bibi harusi.

"Bangili yangu ya kwanza tangu marufuku," akasema. Mwenyekiti akacheka kwa aibu.

Spana iliingia. Nikatoa plagi iliyokufa, nikaweka nyingine niliyoitoa katika gari bovu lililotupwa karakana, na injini ikawaka kwa moshi mweusi ambao sijauona mzuri kama siku ile. Kabla ya adhuhuri mzazi alikuwa hospitali, akajifungua salama mtoto wa kike. Nililia mbele za watu.

Nilistaafu nikiwa Mkuu wa Karakana kule kule Moroni. Siku hizi kuna vyombo vyenye shingo inayokunjika, na ninavifurahia kweli; laiti tungekuwa navyo. Vijana niliowafundisha niliwafumbisha macho kwanza, nao waliniona mwenye visa.

Spana ile haifai gari jingine lolote. Naiweka kabatini pamoja na dhahabu ya mke wangu, aliyovishwa tulipofunga harusi kubwa baada ya marufuku kuondolewa. Hunung'unika kwamba inanuka dizeli. Namwambia aiache hapo hapo, maana vyote vimetoka kwa sonara yule yule.