Chumba cha Juu, Kiwanda cha Uzi

Ipo siku moja hainitoki kichwani, mwanangu, na wala haihusiani na China. Nilikuwa kijana Singida, nikanunua mnadani viatu vyenye ncha kama mdomo wa korongo. Vilinibana, lakini vilimeta. Nikavivaa harusini kwa binamu yangu, nikakaa kitini toka kanisani mpaka keki, wenzangu wanacheza mimi natabasamu kwa maumivu. Shangazi akaniinamia sikioni: "Hivyo viatu umevivaa, au vimekuvaa wewe?" Marehemu alikuwa na ulimi yule. Na pilau yake… haya, tuache pilau.

Ungedhani nilipata somo. Wapi! Kupenda kinachometa nilikua nako, nikavuka nako bahari mpaka Guangzhou, huko China.

Kule nilifuata vitambaa vya mapazia, soko la Zhongda. Darasa la nne ndilo langu, lakini kitambaa nikikigusa tu nakwambia kitafuliwa mara ngapi kabla hakijachuja. Nililala mtaa wa Xiaobei kwa Mama Neema, Mtanzania mwenzetu aliyetutangulia miaka mingi. Chumba kimoja, watu wanne, vitanda vya kupandana, harufu ya dagaa mpaka kwenye mto. Mgeni akitua, hata uso hajanawa, Mama Neema anamchukua pamoja na mwenye nyumba hadi kituo cha polisi, aandikishe anapolala. Ndiyo sheria yao: unaandikishwa upesi, unapewa karatasi. Sisi tulimcheka, tukamwita Balozi wa Nyumba Kumi.

Basi, si mbali na Zhongda palikuwa na kiwanda cha zamani cha uzi, kimegeuzwa karakana za wachoraji. Juu kabisa, chini ya paa, chumba cha kupanga. Dari twiga anapita. Matofali mekundu, madirisha kama lango la kanisa. Nikajiona nimo gazetini. Nikawaza wateja wangu wa Dodoma wakija, wanikute humo nimekunja nne.

Mwenye jengo tulimwita laoban, yaani bosi. Nikamuuliza habari ya polisi, akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Polisi hapana. Hapa kazi, hapana kulala. Wewe kimya tu." Kiingereza chake na changu vyote vya kuombea maji, lakini hilo nililielewa. Nikajifanya sikulielewa.

Mama Neema akanikuta nafunga begi. "Baba, nyumba usiyoweza kumwambia polisi kwamba unalala humo, unaipangia nini?"

"Mama, wewe umezoea kubanana."

"Nimezoea kupata usingizi. Haya, nenda. Utanikuta hapa hapa."

Haukupita muda, ukaja msako. Polisi wakawa wanakagua wageni sokoni, barabarani, mlango kwa mlango. Viza yangu ilikuwa hai, mzigo wangu halali, ila karatasi ya makazi sina. Nikaanza kuishi kama mwizi. Nikashona mapazia meusi mazito, nikaziba madirisha yaleyale yaliyonifanya nipange chumba. Taa siwashi. Kikohozi nakimezea mtoni, namaanisha mto wa kulalia.

Mchana mmoja Mzee Wu, mchoraji wa chini yangu, akapanda kuazima ngazi, akanikuta gizani. Akatazama mapazia, akanitazama mimi, akapiga mikono kama mabawa na kuinamisha kichwa chini. Popo! Akacheka mpaka rangi ikamdondoka kwenye brashi. Nami nikacheka, kisha nikaacha. Viza yangu ilibakiza siku tisa, mapazia niliyoagizwa na hoteli moja ya Dodoma nusu hayajatoka kwa washonaji, na bila karatasi ile viza haiongezwi. Nirudi mikono mitupu, au nibaki niwe popo kweli.

Nikashika njia ya Xiaobei. Mama Neema alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata uso.

"Kitanda chako cha juu kipo. Oga, vaa shati la maana, twende."

Kituoni, mbele ya mwenye nyumba wake, askari mmoja binti alinigombeza kwa Kichina mpaka nikalowa jasho. "Anasemaje?" nikamnong'oneza Mama Neema.

"Anasema una akili ya kuku. Mengine nakusitiri."

Nikaandikiwa onyo, nikapewa karatasi. Kwa karatasi ile viza iliongezwa na mapazia yakafika Dodoma.

Mwanangu, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ukienda ugenini, kabla hujapima dari, uliza kama mwenye nyumba atasimama nawe mbele ya serikali. Akikwambia ujifiche, kimbia, hata kama madirisha yake yanaonyesha mbingu. Na mkubwa akikukanya, usimtafutie jibu. Tafuta kwanza alichokiona. Mungu akupe wenyeji wema kila utakakotua, akulaze taa ikiwaka, akuamshe huna wa kumkwepa.

Mimi jioni ya siku ile ya kituoni nilikwenda kiwandani kuchukua begi. Laoban akanishika mkono: subiri, tazama jua dirishani. Lilikuwa zuri, sikatai. Nikamwekea ufunguo kiganjani, nikashuka ngazi, nikashika barabara. Sikukanyaga tena pale.