Pikipiki ya Dresa na Mti wa Muwati

Pikipiki ya mume wangu ilikuwa ya jeshi kabla haijawa ya wagonjwa. Mmisionari mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia, na tangu hapo mume wangu, aliyekuwa dresa, yaani msaidizi wa tabibu anayefunga vidonda, aliacha kuipanda milima ya nyuma ya Njombe kwa miguu. Alifunga sanduku la dawa kwenye keria, akavaa koti zito, akaenda. Watu wa kijiji cha Ipelele waliusikia mngurumo wake kabla hajavuka bonde la mwisho, wakaanza kujipanga.

Kipupwe cha mwaka ule gurudumu la nyuma likaanza kuyumba. Beringi zilikuwa zimekwisha. Alimwagiza dereva wa lori, na baada ya majuma mawili beringi mpya zikafika Makambako. Akazifuata mwenyewe, akarudi nazo amezifunga kwenye leso kama mayai. Lakini ili kuzitia ilikuwa lazima gurudumu litoke, na stendi ya pikipiki ile ilikuwa imevunjika zamani. Siku zote aliiegemeza ukutani.

Jumamosi aliwaita wanaume wanne wa usharika wetu. Waliingia kwenye banda nyuma ya nyumba, wakakunja mikono ya mashati, wakahesabu mpaka tatu, wakainyanyua kwa nguvu za vifua huku mume wangu akisukumia matofali chini yake. Ilisimama kwa muda wa kunywa nusu kikombe cha chai. Kisha tofali moja likapasuka, pikipiki ikalala upande, na mguu wa kushoto wa mume wangu ukabanwa chini. Mfupa haukuvunjika, namshukuru Mungu, ila kifundo kilivimba hata kiatu kikakataa kuingia.

Wale wanaume waliiegemeza tena pikipiki ukutani, wakatupa pole, wakasali nasi, wakaenda zao. Kwa mume wangu mguu haukuwa shida kubwa. Jumatano ilikuwa siku ya Ipelele, na huko kulikuwa na mama mmoja ambaye kidonda chake ndiyo kwanza kimeanza kufunga. Kisiposafishwa juma lile, kazi ya miezi ingepotea. Kwa mguu ule asingeweza kutembea mpaka huko. Kuendesha angeweza, kama pikipiki ingekuwa nzima.

Jumapili baada ya ibada nilimwambia kwamba nitaiinua mimi. Akanikumbusha kwa upole kwamba wanaume wanne wameshindwa.

"Wameshindwa kwa sababu waliibeba," nikamjibu. "Mimi sitaibeba."

Marehemu baba yangu alikuwa mpasua mbao katika misitu ya upande wa Lupembe. Nilipokuwa msichana nilimpelekea chakula, nikakaa kumtazama. Magogo aliyoyapasua yalikuwa makubwa kuliko pikipiki yoyote, naye alikuwa mtu mwembamba. Alichomeka mti mrefu chini ya gogo, akaulaza mti huo juu ya kigogo kidogo, akakalia ncha ya mbali. Gogo likipanda kidogo, mwenzake aliingiza kabari. Halikupanda tena mpaka kabari imeshika. Hakuwa na haraka, na hakuna mtu aliyeumia kazini kwake.

Jumatatu asubuhi nilikata mti wa muwati ulionyooka, mrefu karibu mara mbili ya kimo changu, nikauchonga ncha ukawa bapa. Nilitundika magunia mawili ya viazi kwenye boriti ya banda na kuyaacha mpaka mchana, nione kama itastahimili. Haikulia wala kupinda. Nikachimba kishimo sakafuni, nikaliingiza humo gurudumu la mbele na kulibana kwa mawe mbele na nyuma. Usukani niliufunga kwa kamba za katani kwenye nguzo za kulia na kushoto. Sehemu ya nyuma niliifunga kwenye boriti, ili hata mti ukiteleza pikipiki ining'inie, isimwangukie mtu.

Mama mkwe wangu alisimama mlangoni, amejifunika shuka. Alikuwa amesema tangu asubuhi kwamba mashine ni mambo ya wanaume. Nilipomwomba aingize mbao kila nitakapoinua, aliweka shuka chini, akaingia. Nilimwonya asipeleke vidole chini, asukume mbao kwa fimbo tu. Mume wangu alikuwa kwenye kiti, mguu juu ya kigoda, akianza kutoa amri. Nikamwomba anyamaze, isipokuwa akiona kamba inalegea.

Nikaupitisha mti chini ya fremu, si chini ya injini, nikaulaza juu ya kigogo kama alivyofanya baba, nikakalia ncha. Pikipiki ikapanda kiasi cha unene wa kidole. Mama mkwe akasukuma ubao. Nikashuka, nikakaza kamba za boriti, nikaitikisa pikipiki kwa mkono. Ilitulia. Nikakalia tena. Ubao wa pili, wa tatu, wa nne. Nilipoitikisa mara ya nne nililigusa gurudumu la nyuma, nalo likazunguka hewani, kimya.

Nililizungusha tena, kwa nguvu zaidi, nikasimama nikilitazama na jasho linanitiririka katika baridi ile. Mama mkwe akalizungusha na yeye. Kisha akamgeukia mwanawe, akamwambia kwa Kibena, taratibu, kila neno mahali pake:

"Mke wako ameinua kitu kilichokulaza wewe."

Mume wangu alicheka mpaka akashika kifundo chake. Alisogezewa kiti, akalitoa gurudumu akiwa amekaa, akatia beringi mpya, na kabla ya jua kuzama tulikuwa tumeishusha, ubao mmoja mmoja. Jumatano alikwenda Ipelele. Alirudi na kuku wawili na habari kwamba kidonda kinafunga vizuri.

Wale wanaume wanne walikuja Jumamosi iliyofuata kutazama. Nikawaonyesha yote, na mmoja, mzee wa kanisa, akaukalia mti mwenyewe kuhakikisha. Habari zikafika Makambako. Siku moja karani mmoja wa huko alifika uani na pikipiki kubwa kuliko yetu, gurudumu lake la nyuma likiyumba, akavua kofia, akaniuliza mimi, si mume wangu, asimame wapi asaidie. Nikamwambia asubiri nje mpaka nimalize kufunga kamba.