Mgawa Barua Hakutaka Kufa

Mdogo wangu Wilfred Haigh aliigiza mgawa barua katika tamthilia ya televisheni miaka kumi na tisa, na vipindi vingine alivitunga mwenyewe. Mji wetu wa Oldham, kule Uingereza, wote ulimjua. Kisha mabosi wapya wa televisheni wakamwagiza aandike kipindi cha kumuua mgawa barua.

Alikuja kuandikia jikoni kwangu. Mara mbili aliandika mgawa barua akapona, na mara mbili mabosi wakamrudishia karatasi.

“Dada Edna, nimuueje?”

“Miaka yote hiyo, hata kufa hujui? Mpe kichomi, kilimmaliza baba.”

“Aseme nini mwishoni?”

“Baba alikata roho kimya. Sisi kina Haigh hatupigi kelele.”

Akaandika hivyo. Nilimtengenezea chai, sikuwa na jingine la kumfanyia.