Mchaichai wa Shangazi

Juzi, dukani, muuzaji alinifungulia kichupa cha mafuta ya mchaichai ninuse. Nikatoka bila kununua.

Harufu ile ilinirudisha utotoni, uani kwa shangazi, mtaa wa Ipuli, mchana wa jua kali. Alikuwa amejaza pipa majani ya mchaichai na maji, akaziba mfuniko kwa udongo, akachochea kuni. Mrija wa shaba ulitoka juu ya pipa, ukapita kwenye beseni la maji baridi, ukadondosha tone moja moja chupani. Mtambo kama ule niliuona siku mgambo walipomchukua jirani yetu, mpika gongo, pombe iliyopigwa marufuku.

"Shangazi, unapika nini?"

"Dawa ya kutuliza moyo. Ukiinusa, mawazo yanakwisha."

Hata jirani alikuwa akiisifu gongo yake hivyo hivyo.

Nikawa naenda getini, narudi, naenda tena. Kila pikipiki iliyonguruma nilijua ni mgambo. Shangazi alipoingia ndani kuswali alasiri, nikaichukua chupa. Juu ya maji ulielea utando mwembamba wa njano. Sikujua kuwa utando huo ndio mafuta yenyewe, kazi ya siku nzima. Nikamwaga vyote chini ya mpapai.

Alipotoka, aliitazama chupa, akanitazama.

"Umemwaga?"

"Wasije wakakuchukua, shangazi."

Hakunipiga. Alichuchumaa, akachota udongo uliolowa, akauleta puani kwangu.

"Nusa," alisema. "Kumbe mgonjwa ulikuwa wewe."